Spika Mbili za Jyoti Talkies

Brisbane, 14 Agosti 1988

Mdogo wangu Bisun,

Salamu nyingi kutoka huku, na nyingine umfikishie wifi yangu Roshni na huyo Anjula wenu ambaye sasa, naona kwenye picha, ameota meno ya mbele makubwa kama ya shangazi yake. Sisi wazima. Huku ni kipupwe, asubuhi naenda kazini na sweta, adhuhuri naivua. Shemeji yako Feroz mgongo wake ni ule ule. Kutwa analala chini ya magari ya watu, jioni ananilalamikia mimi kana kwamba ndiye niliyemtuma.

Tangu wale wanajeshi waingie bungeni huko visiwani mwaka jana na kuanza kutuandama sisi Wahindi, sina usingizi mzuri. Kila wiki nasikia jamaa fulani wa Labasa ameshuka uwanja wa ndege hapa na sanduku moja na watoto watatu. Nawe unaniandikia mvua na miwa! Makaratasi yenu ya kuhamia huku nimeyashughulikia. Chumba cha nyuma nimekipaka chokaa kwa ajili ya Baba, nyinyi mtabanana sebuleni mpaka mpate kwenu. Kinachokosekana ni fedha.

Basi sikiliza. Feroz ana mteja wake, mzee Whitcombe, aliyekuwa fundi wa redio. Alikuja kulipia breki, akaiona ile picha yetu ukutani, Baba amesimama nyuma ya pazia la sinema ya Jyoti alikokuwa akifanya kazi, kati ya zile spika zake mbili kubwa. Mzee akasahau breki zake. Aliichomoa picha ukutani mwenyewe, akaipeleka dirishani. Anasema spika za sinema za Kimarekani za wakati ule zinatafutwa mpaka na Wajapani, kwamba watu wazima wenye akili zao wanauza gari wapate kuzisikiliza sebuleni. Lakini bei haitajwi kwa picha. Anataka kujua kama karatasi za ndani, zile zinazotoa sauti, hazijabadilishwa wala kubandikwa, kama namba nyuma ya sumaku zinakaribiana, na kama mbao zina rangi yake ile ile ya kiwandani. Chochote kilichoguswa na fundi wa mtaani kinapunguza.

Nenda ukaziangalie. Na Bisun, mwambie Baba kwamba zinauzwa. Usimfiche. Mimi hanisikilizi, wewe anakusikiliza.

Dada yako,
Premila


Labasa, 19 Septemba 1988

Dada Premila, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Msimu wa miwa unaujua, lori langu linalala foleni kiwandani, nami nalala ndani yake. Roshni anasema ameolewa na usukani. Anjula anakusalimu, anauliza kama kweli huko kuna sungura mpaka barabarani. Mvua haijanyesha. Jumapili, kwa amri ya wanajeshi, hairuhusiwi kufanya kazi wala kucheza mpira, kwa hiyo tunakaa tunatazamana. Mchaichai aliopanda marehemu Mama umeshika kona nzima ya ua.

Spika nimezitazama. Ukumbi wa Jyoti mwenye jengo ameufanya ghala la mbolea, ilibidi nisogeze magunia nipite nyuma ya pazia, au tuseme matambara yaliyobaki ya pazia. Zipo. Panya wamekula nyaya tu, karatasi hawakuzigusa, nadhani kwa heshima ya Baba. Hazina kiraka. Namba nilizisoma kwa tochi, zimepishana kidogo sana, ni mapacha wa tumbo moja. Zile pembe za bati za juu, zilizo kama tarumbeta, zina vumbi la kuweza kuotesha viazi. Rangi ni ile ile ya kijivu, imekwaruzika pembeni pale Sakiusa alipokuwa akiegemeza baiskeli yake huku nyuma isiibwe, akija kukata tiketi.

Kwa kweli, Dada, sikujua kama kuna mtu duniani anayeweza kuzitolea machozi. Hebu mwulize huyo mzee ni kiasi gani, tena aseme kwa dola za huko asije akatuchanganya.

Baba hajambo. Anakula vizuri.

Mdogo wako,
Bisun


Brisbane, 2 Oktoba 1988

Bisun,

Barua yako nimeisoma mara mbili, nikitafuta jibu la swali moja. Umenieleza panya, baiskeli, mpaka mchaichai. Kuhusu kumwambia Baba, umeniambia anakula vizuri.

Nimemsomea Whitcombe habari za namba. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Ameandika hesabu yake nyuma ya risiti ya Feroz: zikiwa kama ulivyosema, zote mbili, kijivu chake, karatasi zake, atatoa dola elfu tisa. Nilimwuliza, na moja tu? Akacheka. Anasema moja peke yake ni kabati la kuwekea kuku. Thamani iko kwenye mbili, kwa sababu sikio linataka kusikia mtu katikati, na mtu huyo hayupo mpaka zote mbili ziseme pamoja. Elfu tisa, Bisun! Hizo ni nauli zenu wanne, na zinabaki za kuanzia nyumba.

Anataka uzipige kwanza, uandike unachosikia. Kama kuna mkwaruzo au sauti ya nyuki, useme.

Sasa nikuambie jambo ambalo huwa hatuandikiani. Miaka kumi na moja Baba hajalitaja jina langu. Siku niliyorudi nyumbani na cheti cha ndoa ya ofisini, nimeolewa na Mwislamu, alifunga mlango kwa komeo, nikamsikia akilisukuma. Hakuna aliyenisinga manjano ya bi arusi, hakuna aliyenipa hata kijiko. Marehemu Mama alinifuata bandarini na chupa ya achari ameificha chini ya sari. Nilimsamehe Baba zamani, au nadhani nilimsamehe. Ninachotaka ni kumwona akikaa kwenye meza yangu anakula chapati zangu, hata asiponiangalia. Ndiyo maana nakuuliza, na nitaendelea kukuuliza: umemwambia?

Dada yako,
Premila


Labasa, 30 Oktoba 1988

Dada mpendwa, shikamoo.

Tunasubiri Diwali. Roshni ametoa kila kitu uani, hata mimi nimefuliwa. Nyumba inapakwa rangi, kama kila mwaka, na kama kila mwaka rangi imetosha vyumba viwili na nusu.

Tumezipiga. Niliazima amplifaya ya mandali, kile kikundi kinachosoma Ramayana Jumanne, nikaweka kanda ya nyimbo za sinema. Nilidhani tutakuwa mimi na Roshni tu. Wimbo wa pili haujaisha ghala limejaa, watu wamekaa juu ya magunia ya mbolea kama zamani kwenye viti vya senti tisa. Sakiusa naye alikuja, mvi kichwa kizima, akanyoosha mkono, "Tiketi yangu iko wapi?" Mimi niliona zinalia vizuri. Mkwaruzo hakuna, nyuki hakuna.

Halafu nikamwona Baba mlangoni. Sijui nani alimwita. Tangu Mama afariki hakuwahi kukanyaga Jyoti. Alisimama na fimbo yake, kichwa upande, anayeimba ni kanda peke yake.

"Nani kaunganisha?"

"Mimi, Baba."

"Umeunganisha kama mwenda wazimu. Ya kushoto inavuta, ya kulia inasukuma. Besi yote imekwenda wapi? Umeila?"

Nikageuza nyaya mbili za kushoto. Dada, wallahi kama asemavyo shemeji, sakafu ilipumua. Ile sauti nzito tuliyolelewa nayo ikatoka chini ya magunia ikatupanda miguuni. Roshni alianza kulia, nikamwuliza nini, akasema vumbi la mbolea. Baba alikaa hadi kanda ikaisha, upande wa pili pia.

Mwambie mzee Whitcombe ni nzima. Meli ya Suva nimeshapata nafasi, zitasafiri baada ya Diwali, na kutoka Suva zitakuja huko. Baba anajua zinakuja Brisbane. Anasaidia kuzitayarisha.

Mdogo wako,
Bisun


Brisbane, 22 Januari 1989

Bisun,

Sina salamu leo. Tuko wazima, basi.

Masanduku yamefika Ijumaa. Whitcombe alikuja na mkewe, amevaa tai, kana kwamba anakwenda kuposa. Feroz akang'oa mbao za kifungashio. Sikujua niweke wapi uso wangu.

Nyekundu! Nyekundu ya mlango wa hekalu, imepakwa kwa brashi nene, imetiririka mpaka kwenye zile pembe za bati. Mistari ya manjano pembeni, maua. Mchele umegandia kwenye rangi. Na mbele kabisa, kwenye kila sanduku, kuna kiganja cha mtu kimegandamizwa kwa manjano ya jikoni, vidole vitano vimeachana. Whitcombe aliinama karibu. Alipitisha ukucha kwenye rangi, akanusa, akavua tai. Baadaye aliniambia kwa upole, na huo upole ndio ulioniumiza, kwamba karatasi na sumaku zinamfaa bado, lakini mbao na pembe zimekwisha. Atatoa elfu mbili na mia sita. Mjapani hatoi hata hizo.

Sasa nakuuliza, mlinifanyia nini? Ulijua kijivu ndicho kilichokuwa kinauzwa, nilikuandikia kwa mkono wangu. Ulinyamaza, ukapigilia misumari, ukatuma. Kama Baba hakutaka ziuzwe angesema hapana. Hakuwa na haja ya kuzichafua kisha azisafirishe baharini aje anitukane sebuleni kwangu kwa kiganja chake. Maana kiganja ni chake, Bisun, kile kidole kilichokatwa na mashine ya filamu nakijua.

Jana nimeshinda na tapentaini na msasa. Nimekwangua ubavu mzima wa sanduku la kwanza, mikono imechubuka. Whitcombe kanipigia simu akasema niache, kukwangua kunaharibu zaidi. Nimeacha. Nimekaa sakafuni nimelia mpaka Feroz akanifunika kwa shati lake.

Kama Baba hataki kuja, sema hataki. Nimechoka kuandikiwa habari za mvua.

Premila


Labasa, 12 Februari 1989

Dada, shikamoo, na usiichane kabla hujaimaliza.

Mficha uchi hazai. Wewe ndiye uliyekuwa ukiniambia hivyo nikiwa mdogo na madaftari yangu ya hesabu, na leo limenirudia mimi. Sikumwambia Baba kuwa zinauzwa. Nilijaribu. Ile siku ya ghalani, watu walipoondoka, aliniuliza mbona ninazifuta vumbi. Nikasema, "Zinakwenda Brisbane."

"Kwa nani?"

"Kwa Premila."

Nilikuwa nimefungua mdomo niongeze, ziuzwe, tupate nauli. Lakini alilirudia jina. "Kwa Premila," akasema, taratibu, kama mtu anayejaribu meno mapya. Miaka kumi na moja, Dada. Nilimwona anavyolisema nikashindwa kuendelea. Nilijiambia nitamweleza kesho. Kesho yake asubuhi alikuwa ameshakwenda dukani kwa yule Mgujarati kununua rangi.

Nilimkuta ghalani amepiga magoti. Nikamwambia, "Baba, acha, ni nzuri hivyo hivyo." Alinitazama kama anayemtazama mjinga. "Binti aende kwa mumewe na vyombo vya kijivu?" akasema. "Kijivu ni rangi ya wafiwa. Mimi sikumpa hata sufuria. Watu wa kule watasema hana kwao." Alipaka siku tatu mfululizo. Roshni alimsagia manjano. Siku ya tatu akachovya mkono, akaubandika, akarusha mchele. Mimi nilitoka nje. Ningeweza kumzuia, nikijua kila brashi inakula dola. Sikuweza. Usinidai sababu nyingine, sina.

Kwa hiyo lile si tusi, Dada. Ni arusi yako.

Na sasa ubaya wenyewe. Spika zilipoondoka bandarini nilimweleza habari za makaratasi, kwamba sote tunahamia, na kwamba umempakia chokaa chumba. Alikuwa anakunywa chai. Akaiweka chini.

"Chumba nyumbani kwa nani?"

"Kwa Premila."

"Binti yangu aliyeolewa?"

"Ndiyo, Baba."

"Nimemtoa mimi mwenyewe, na vyombo nimempa. Tangu lini baba akala nyumbani kwa bintiye? Hata maji ya kisima cha kijiji alichoolewa binti, babu yangu hakuyanywa. Wewe umesoma mpaka darasa la ngapi?"

Nikamwambia hayo ni mambo ya India, ya watu wa meli walioletwa kukata miwa. Akasema yeye ndiye mtu wa meli aliyebaki hapa. Hapo ndipo nilipoelewa kichekesho kinachotucheka. Miaka yote nilimwomba akuhesabu kuwa umeolewa. Sasa amekuhesabu, na mlango wako umefungwa kwake kuliko ule aliokufungia wewe.

Sisi hatuwezi kumwacha. Mwezi uliopita usiku watu walirusha mawe juu ya bati la jirani yetu. Roshni hasemi kitu, anakunja nguo za Anjula anazikunjua. Mimi ndiye niliyeharibu, kwa kunyamaza. Nipige ukiweza kufika.

Bisun


Brisbane, 5 Machi 1989

Baba,

Shikamoo. Naishika miguu yako.

Ni mimi Premila. Bisun atakusomea, na nimemwambia asiruke neno, kwa sababu ana tabia hiyo. Mimi ni mzima, mume wangu Feroz mzima, anakusalimu. Hatukujaliwa mtoto. Kazi ninayo, dobi wa hospitali.

Vyombo vyangu vimefika. Sikujua ni nini, Baba. Hakuna aliyeniambia, nami nilidhani umenikasirikia, nikaanza kukwangua ubavu mmoja. Uliobaki nimeuacha. Barua ya Bisun ilipofika nilikwenda nikaweka kiganja changu juu ya chako, upande wa kushoto, pale penye kile kidole kifupi. Nilikaa hivyo hadi Feroz akaja kuniuliza kama nimegandia. Jioni yake alikwenda dukani akaniletea bangili nyekundu za kioo, kwa sababu bi arusi, anasema, hakai mikono mitupu. Hajui mengi ya kwetu lakini hilo analijua.

Tumezipiga pia. Feroz aliunganisha sawa mara ya kwanza, umwambie Bisun. Jirani aligonga ukuta, tukampunguzia kidogo.

Sasa Baba nina neno, nalo ni gumu, nami nitalisema kama ulivyokuwa unataka tuseme, bila kuzunguka. Nimeziuza. Bisun alikuficha kuwa ndiyo ilikuwa nia tangu mwanzo, na mimi sitakuficha. Yule mzungu alikuwa atoe elfu tisa zikiwa za kijivu. Kwa nyekundu ametoa elfu mbili na mia sita. Mkewe alisema kwa siri kwamba yeye anazipenda zaidi hivi. Mzee ameapa kwamba mbao zenye viganja hatazichoma, ataziweka, na siku nikitaka nikazione nikazione. Alipozipakia nilishindwa kutoka nje. Kitu chenye thamani kuliko vyote nilivyowahi kupewa, nimekaa nacho wiki sita.

Lakini ulinipa, kwa hiyo ni changu. Mali ya mwanamke aliyotoka nayo kwao haiulizwi, si ndivyo? Nami nimeamua iwe nauli. Fedha inatosha tiketi nne na kodi ya miezi miwili ya nyumba ndogo mtaa huu huu, mlango wa tano kutoka kwetu. Mkataba umeandikwa jina la Bisun. Sufuria ni za Bisun, mchele ni wa Bisun, maji ya bomba yatalipwa na Bisun. Baba kula kwa mwanawe wa kiume si haramu popote, hata kwa watu wa meli.

Kwangu hutakula, najua. Hutakunywa. Sitakubembeleza. Nilitamani mno ule chapati zangu, na hilo nimelizika. Lakini nina baraza, Baba, na kukaa barazani hakuna sheria inayokataza. Njoo ukae. Mimi nitakaa nawe, na muda wote utakaokuwa hapo sitaweka kitu mdomoni, hata maji, mpaka uondoke. Tutakuwa na kiu sote wawili.

Mawe ya batini nimeyasikia. Usiwangoje walikose paa wawapate nyinyi.

Mwanao,
Premila


Labasa, 28 Machi 1989

Dada, shikamoo.

Nimemsomea uani, bila kuruka. Pale pa kuuza nilisita, akasema, "Soma." Pale pa elfu tisa nilisita tena. Alicheka, Dada, kicheko cha puani. "Elfu tisa," akasema, "kwa vile vijivu!" Kisha akanionyesha kwa kidole niendelee.

Barua ilipoisha akaichukua kwangu, akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati ingawa hawezi kuisoma. Alikwenda akamwagilia ule mchaichai wa Mama, akarudi. Roshni alikuwa mlangoni na nguo za Anjula mikononi. Sikuthubutu kumwuliza. Jua lilikuwa linashuka nami nilijua kwamba kama hasemi leo hatasema tena, na mimi na mke wangu na mtoto wangu tutabaki hapa tukisikiliza bati.

Aliniita nikiwa naingiza lori. Jibu lake naliandika kama alivyolitoa, kwa sababu amesimama nyuma yangu anahesabu maneno.

"Mwambie mwanangu asikae na kiu. Nitakuja na maji yangu."

Bisun